Ushuhuda wa Elkanah na Mlima wa Moto

Ndugu zangu wa Navakholo, nanyi wa mbali mtakaosoma maneno haya, Elkanah mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa ya kusimulia. Aliniambia, "Yaseme yote, usinipunguzie." Nami sitampunguzia.

Jumapili ya mwisho ya Agosti mwaka 2023 ilianza vizuri. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na karibu kila boma lilikuwa limeyaanika uani juu ya maturubai. Mvua ya jana yake ilikuwa imelaza vumbi. Elkanah Mukhwana, fundi wa mashine za kusaga mahindi na mzee wa kanisa, alioga mapema, akavaa suti yake ya kijivu, akaketi mlangoni akinywa chai kwa viazi vitamu. Mkewe Jescah alikuwa amempigia viatu rangi bila kuombwa. Binti yao Emily, mwenye miaka kumi na tisa, alihakikisha simu yake imejaa chaji, kwa maana siku hiyo ilikuwa ibada ya shukrani ya mavuno, na baba yake alikuwa amealikwa kutoa ushuhuda.

Ushuhuda wenyewe tuliujua sote. Tulikuwa tumeusikia matangani, harusini, hata shuleni, ambako mwalimu wa jiografia alimwita awaeleze wanafunzi jinsi mlima unavyotema moto. Lakini hatukuuchoka. Elkanah alijua kusimulia.

"Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Mei, mwaka 2021," alianza, akishika pembe za mimbari. "Nilikuwa Kongo, mahali panaitwa Buhene, nje kidogo ya mji wa Goma. Kazi ya mashine ndiyo iliyonipeleka. Mlima Nyiragongo uko pale juu, watu wameuzoea kama tulivyozoea sisi kilima cha jirani. Jioni mbingu ikawa nyekundu. Mlima umepasuka ubavuni! Wapendwa, mmewahi kuona uji ukifurika sufuria? Basi uji ule ulikuwa moto mtupu. Ulishuka ukala migomba, ukala mashamba ya maharagwe, ukala barabara ya lami na nyumba za watu. Ukipita, nyuma yake hakuna kitu."

"Bwana asifiwe!" waumini waliitikia.

"Nikamkuta kikongwe ameketi mkekani. Miguu yake imepooza. Kila mtu anakimbia, hakuna anayemtazama. Nikamwinamia, nikamwambia, 'Mama, panda mgongoni.' Nikambeba, moto nyuma, mimi mbele, mpaka pale penye usalama."

Kanisa zima lilisimama. Mchungaji Philemon alifuta macho kwa leso. Emily, aliyekuwa amesimama karibu na kinanda, alirekodi kila neno, na kabla hatujafika nyumbani kula, video ya baba yake ilikuwa Facebook, na watu walikuwa wameanza kuisambaza.

Msomaji, hapa nasimama kidogo, maana inafaa ulijue lile ambalo sisi siku hiyo hatukulijua.

Elkanah hakwenda Kongo kufunga mashine na kurudi. Alikaa huko miaka minane. Katika mwaka wa kwanza alikutana na mwanamke aitwaye Kavira, muuza vitenge, akamwambia kwamba hana mke. Wakaishi pamoja, wakapata mtoto wa kike, Masika. Mama mzazi wa Kavira aliishi nao pia. Watu wa huko humwita nyanya "Koko," na hilo ndilo jina alilojulikana nalo. Miguu ya Koko ilikuwa imepooza. Wakati wote huo, hapa Navakholo, Jescah alilima peke yake, akalea peke yake, akawa anapokea salamu na kuambiwa kwamba kazi ni nyingi, mwaka huu haitawezekana kuja.

Jioni ile mlima ulipopasuka, Kavira alikuwa sokoni mjini. Nyumbani walikuwa watatu tu: Elkanah, Koko, na Masika aliyekuwa na miaka sita. Pikipiki ya Elkanah ilikuwa imeegemezwa ukutani, ina mafuta. Nyote mmeona boda boda zetu zikibeba wanne na mbuzi juu. Watatu wangetosha.

Elkanah aliwasha pikipiki. Koko alimwita kutoka mkekani, naye akajibu, "Naenda kuangalia barabara. Narudi sasa hivi." Masika alimshika suruali. Alivibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, akaondoka. Mpaka leo anaapa kwamba alikusudia kurudi. Lakini alipofika njia panda akageuka, akaona jinsi wekundu ulivyoshuka haraka, akasikia mitungi ya gesi ikipasuka ndani ya nyumba za watu. Mkono wake ukavuta mafuta kuelekea mpakani. Alfajiri alikuwa Gisenyi, upande wa Rwanda. Akaitupa laini ya simu, akapata nafasi kwenye lori la mizigo, na baada ya siku kadhaa akashuka Kakamega akiwa na majivu kwenye mikunjo ya koti.

Aliamini wamekufa. Wala hakuuliza. Watu walipomuuliza alivyookoka, akamtaja yule kikongwe, na mdomo wake ukamalizia mwenyewe: nilimbeba. Mara ya kwanza alilisema akitazama kando. Mara ya kumi alikuwa amelizoea.

Sasa turudi Septemba, wiki tatu baada ya ushuhuda ule. Ilikuwa Alhamisi, saa tano hivi za asubuhi. Elkanah alikuwa uani akinoa mawe ya mashine kwa nyundo, Jescah akipeta maharagwe, Emily yumo jikoni. Boda boda ikasimama langoni. Akashuka mwanamke aliyevaa kitenge na kilemba chake, na mtoto wa kike wa miaka minane aliyechechemea kidogo.

Mwanamke alisimama, akamtazama Elkanah kwa muda mrefu.

"Elkanah," akasema.

Nyundo ilimponyoka Elkanah mkononi. Akainama kuiokota, na alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Umepotea njia, mama?"

Jescah aliweka ungo chini. "Karibuni ndani. Mgeni hawekwangi nje."

"Asante, mama. Miye naitwa Kavira. Natoka Goma. Natafuta baba ya huyu mtoto."

Jescah akamgeukia mumewe. "Baba Emily, unamjua huyu?"

"Simjui," alisema Elkanah. "Ameona ile video, sasa anataka kutusumbua. Watu wa namna hii ni wengi."

Kavira hakupaza sauti. Nadhani hilo ndilo lililomtisha Elkanah kuliko kelele.

"Video niliiona, ni kweli. Lakini siye tulikulilia, Elkanah. Ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku, barabara zinapasuka, watu wote wanakimbia mji, siye tunarudi kutafuta mwili yako. Majivu yalikuwa yanaanguka juu ya mboga kama unga. Tulifika pale nyumba ilikuwa. Hakuna nyumba. Hakuna shamba. Jiwe jeusi tu, linatoa moshi, toka huku mpaka kule. Mtoto akaniponyoka. Akakimbia juu ya lile jiwe akikuita, 'Papa! Papa!' Juu lilikuwa limeganda, chini bado ni moto. Kandambili yake iliyeyuka pamoja na mguu."

Akachuchumaa, akamvua mtoto kiatu na soksi. Unyayo ulikuwa umekunjamana kama plastiki iliyopita karibu na makaa, na vidole viwili vilikuwa vimeshikana.

Jescah alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Simjui," Elkanah alirudia.

Masika aliutoa mguu wake mikononi mwa Jescah. Alimtazama Elkanah kuanzia viatu hadi utosini, kisha akamvuta mama yake kitenge.

"Mama, twende. Huyu si papa. Papa yangu alikufa akirudi kutuchukua."

Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa amemfungulia mlango. Angeweza kuanguka miguuni pake hapo hapo. Elkanah anakiri kwamba moyo ulimruka, na ulimruka kwa nafuu. Akasema, na hili ndilo neno alilonisisitizia nisiliache:

"Si mmesikia? Hata mtoto mwenyewe amesema."

Emily alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika mkononi. Aliliweka chini polepole, akaingia sebuleni, akatoka na picha iliyokuwa imetundikwa ukutani, picha yake ya darasa la tatu. Akaiweka kando ya uso wa Masika. Paji lile lile, macho yale yale yaliyoachana, pengo lile lile la meno ya mbele.

"Baba," alisema Emily, "huyu ni mimi."

Elkanah akatazama chini, na tangu hapo, kwa siku nyingi, hakuinua macho.

Jescah aliinuka, akapangusa magoti. "Maneno yatangoja. Watu wametoka mbali, hawajakula." Akamkamata jogoo mwenyewe. Mchana ule wageni walikula obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, na Jescah alimchagulia Masika paja. Elkanah hakuitwa mezani. Alikaa kando ya mashine yake akisikia vijiko.

Walipomaliza, Jescah alimwendea. "Una mke Goma?"

"Ndiyo."

"Yule mzee uliyembeba mgongoni ni nani?"

"Mama yake Kavira. Sikumbeba. Nilimwacha mkekani."

"Alikufa?"

Miaka miwili na zaidi Elkanah alikuwa amemtaja kikongwe yule mbele ya mamia ya watu, na hakujua kama yu hai. Kavira ndiye aliyejibu kutoka mlangoni.

"Yuko hai. Jirani alimweka juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, akamweka na mtoto, akasukuma mpaka asubuhi. Mama alimkatalia kwanza. Alimwambia, 'Tungoje kidogo, mkwe wangu amesema anarudi.'"

Elkanah akalia. Wanawake wawili walimtazama akilia, na hakuna aliyemshika bega.

"Jumapili," alisema Jescah, "utasimama pale pale uliposimama."

"Jescah, watu watanicheka."

"Wacha wacheke. Mimi nimeishangilia ile hadithi yako, nikakupigia viatu rangi uende kuisema. Utasimama."

Jumapili ikafika, akasimama. Hakushika pembe za mimbari, mikono aliiweka nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alisema yote: jinsi alivyomdanganya mke wa pili na kumsahau wa kwanza, vidole alivyovibandua, lile neno "narudi sasa hivi," pikipiki, kuvuka mpaka. Alieleza pia jinsi alivyomkana mtoto mbele ya mama zake wawili. Hakukuwa na Amina. Mtoto mchanga alilia nyuma, akatolewa nje. Mchungaji Philemon, ambaye alikuwa amemtaja Elkanah katika mahubiri yake mara nyingi, aliomba sala fupi ambayo wengi hatukuisikia, na wiki iliyofuata jina la Elkanah likaondolewa katika wazee wa kanisa. Hakujitetea.

Aibu haikumpata peke yake. Emily aliifuta video, lakini ilikuwa imeshanakiliwa na kila mtu. Chuoni kwao mjini Kakamega wenzake walimwigiza baba yake, "Mama, panda mgongoni!" na kuangua kicheko. Alikaa nyumbani majuma mawili. Jescah akipita sokoni, wanawake walinyamaza hadi apite. Na Elkanah akapewa jina na watoto wa barabarani. Walimwita Narudi Sasa Hivi. Wapo wanaomwita hivyo hadi leo, na akiitwa huitika.

Mwezi wa Oktoba alisafiri na Kavira na Masika kurudi Buhene. Jescah ndiye aliyemtuma. "Nenda ukamtazame yule mzee machoni," alimwambia. Njia nzima Masika alikaa upande wa dirisha, akizungumza na mama yake tu.

Elkanah alikuwa ameusimulia moto ule mara nyingi kiasi kwamba alidhani anaujua. Lakini aliukimbia ukiwa bado unashuka. Hakuwahi kuona ulichoacha.

Aliacha kijiji, akakuta jiwe. Lilianza mbali mlimani likateremka kama mto mweusi uliosimama ghafla, limekunjika mikunjo mikunjo, lina makali ya kuchana viatu. Alitafuta njia ya kwenda kisimani. Hakuna njia wala kisima. Alitafuta shamba la maharagwe alilolilima kwa mikono yake, udongo mweusi laini ambao mbegu ilikuwa ikitupwa tu inaota. Lilikuwa huko chini, urefu wa mtu na zaidi, wala hakuna jembe la kulifikia. Nguzo ya umeme ilitokeza nusu. Bati moja lilikuwa limemezwa na jiwe na kubaki likichomoza ncha, limeshika kutu. Katika nyufa kulikuwa kumeanza kuota mimea midogo ya kijani, na juu ya mawe ukoga wa kijivu, lakini si kitu ambacho mbuzi angeweza kula. Kavira alimwambia kwamba mvua za mwanzo zilikuwa chungu, zilichoma majani ya mboga, na watoto walikohoa miezi mingi. Wanaume waligonga mwamba kwa nyundo wapate mawe ya kujengea. Mbele zaidi, juu ya jiwe lile lile, kulikuwa na mahema meupe ya watu waliokimbia vita, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Wanawake walibeba udongo kwa mabeseni kutoka mbali, wakaumwaga kwenye mashimo ya mwamba, wapande angalau vitunguu.

Koko alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha mbao, kwenye mkeka mwingine. Alikuwa amepungua sana. Elkanah alipiga magoti hatua kumi kabla ya kumfikia.

"Nani huyo?" Koko aliuliza, maana macho yalikuwa yamefifia.

"Ni mimi, mama. Elkanah."

Nyundo za wagonga mawe zilisikika.

"Kumbe hukufa," alisema Koko.

"Sikufa, mama. Nilikimbia. Niliwaacha."

Koko akanyoosha mkono, akampapasa uso, akampapasa masikio, kana kwamba anahakikisha. "Ule mlima umekula nyumba yangu, umekula shamba aliloniachia mume wangu," alisema. "Siukasirikii. Ule haukuniambia kwamba unarudi."

Maneno hayo tu. Kisha akaomba aletewe maji ya kunywa, na Elkanah akaenda kuyachota. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa kuwa maji yalikuwa mbali.

Jioni aliomba kuonyeshwa mahali nyumba ilipokuwa. Kavira alikataa kwenda. Masika akatangulia, akichagua pa kukanyaga kwa ule mguu wake, naye akafuata nyuma. Katikati ya mwamba palikuwa na rundo la mawe, na msalaba wa mbao uliokuwa na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe: PAPA ELKANAH. Chini yake palikuwa na kopo lenye maua ya porini, mengine bado mabichi. Kumbe mtoto alikuwa ameyaweka kabla ya safari ya Kenya, na dada yake Kavira, aliyebaki na Koko, akaendelea.

Elkanah hakuweza kuvumilia kuliona jina lake pale. Akaushika msalaba aung'oe.

"Usitoe," alisema Masika. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia.

"Lakini mimi niko hai, mwanangu."

"Huyu si wewe," alisema mtoto, akamwondoa mkono. "Huyu ni yule alikuwa anarudi."

Akachuchumaa, akayapanga maua upya. Elkanah alisimama kando hadi alipomaliza, kisha wakashuka pamoja, mtoto mbele, yeye nyuma.

Alikaa huko miezi miwili. Alifunga mashine ya kusaga karibu na kibanda cha Koko, akamfundisha Kavira kuiendesha, na ndiyo wanayoishi kwayo. Kavira hakumrudia, na Elkanah hakuthubutu kumwomba. Kwa Jescah alirudi, naye Jescah akampokea kama mtu anayempokea mfanyakazi: chakula kipo, kitanda kipo, maneno machache. Sasa huenda Buhene akipata nafasi, na kila Jumapili hupiga simu. Kwa karibu mwaka mzima Masika alikuwa akisikia sauti yake na kumpa mama simu. Siku moja hakuitoa. Alimuuliza, "Navakholo kunanyesha?" Elkanah akamjibu kwamba kunanyesha. Wakaagana. Alinikimbilia nyumbani kuniambia, mzee mzima, machozi yanamtiririka, na ndipo aliponiomba niyaandike haya.

Funzo

Nyinyi akina baba mliotoka hapa kwetu kwenda kutafuta riziki Nairobi, Kampala, Goma au kwingineko, maneno haya nayaelekeza kwenu kwanza. Usianzishe nyumba ya pili juu ya uongo huku ya kwanza ikikungoja. Ukiwa umeshaianzisha, waliomo humo ni watu wako, na siku ya hatari wana haki ya kiti cha pikipiki yako kama wewe mwenyewe. Hofu inaweza kumpata yeyote, na anayekimbia moto anaweza kusamehewa. Lakini rudi uulize. Siku moja tu ya kuuliza ingemwokoa Masika na mwamba ule.

Nasi wengine tuliopiga makofi tuna letu pia. Miaka miwili tulimsikiliza mtu akisimulia jinsi alivyomwokoa bibi kizee, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza jina lake, au kama bado yu hai, au nani anamchotea maji. Tulipenda hadithi, hatukumjali mtu. Aibu yake Elkanah ameikiri mbele ya wote. Yetu bado.